Video inakwama kwama nyumbani: jua kwanza inakwamia wapi ndo utoe hela

Wakuu habari za wikiendi. Naandika hii kwa sababu hapa Moshi swali ni lile lile kila siku, na ndugu wa Arusha nao wananitumia voisi, kwamba nyumbani kuna intaneti, inalipiwa kila mwezi bila kukosa, lakini ukiweka mechi au tamthilia kwenye TV kiduara kinazunguka tu, watoto wananuna, mzee anauliza kwani hamjalipia? Na karibu kila anayeniuliza anakuwa ameshajipa jibu, anataka nimtajie tu rauta ya kununua au kampuni ya kuhamia. Mimi namwambia subiri kwanza, usitoe hata mia kabla hujajua inakwamia wapi.

Video mpaka ikufikie inapita vipande vitatu. Kuna kipande cha nje, kutoka kwa mtoa huduma mpaka kwenye rauta yako, kuna kipande cha ndani kutoka rauta mpaka TV ambacho mara nyingi ni waifai, na kuna TV yenyewe na apu zake. Waliokulia Uchagani wanaujua mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba, maji yasipofika kihambani huendi dukani kununua jembe jipya, unapanda nao taratibu mpaka uone yanapopotelea. Na hapa ni hivyo hivyo, tunapanda kipande kwa kipande.

HATUA YA 1: Angalia inakwama namna gani

Kabla hujashika kitu chochote kaa uangalie kama dakika kumi hivi. Namna video inavyokwama inakwambia mengi sana na watu wengi wanairuka hii.

Kama picha inaanza vizuri alafu inaingia ukungu, namba za jezi hazisomeki, nyasi zinakuwa kama uji wa kijani, lakini haisimami, hiyo ni spidi ndogo. Apu za video sa hivi karibu zote zinajipima zenyewe, zikiona njia imebana zinashusha ubora wa picha ili isisimame, kwa hiyo ukungu maana yake intaneti ipo ila haitoshi. Lakini kama picha ni safi kabisa alafu ghafla inaganda, kiduara sekunde kadhaa, inaendelea safi vilevile kama hamna kilichotokea, hapo spidi unayo ila njia inakatika katika. Dawa ya hii ni nyingine kabisa, ukiongeza kifurushi utakuwa umetupa hela na kesho itaganda tena.

Kuna wanaosema filamu inaenda ila mechi ya moja kwa moja ndo inagoma, wanadhani apu ya mechi ni mbovu. Sio lazima. Filamu apu inaipakua mbele, inajiwekea akiba, mtandao ukikatika sekunde kumi we huoni kitu kwa sababu unakula akiba. Mechi ya Simba na Yanga akiba yake ni ndogo sana kwani kinachooneshwa ndo kinachotokea muda huo huo, kwa hiyo mkatiko mdogo tu unauona, na unaweza kukukuta kwenye penati. Mtu ambaye filamu ni sawa na mechi inakwama mara nyingi ana tatizo la kukatika katika, sio la spidi.

Angalia pia ni wapi na saa ngapi. Inakwama kwenye TV ya chumbani tu, sebuleni fresh? Hiyo mara nyingi ni waifai. Inakwama kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne, asubuhi hamna shida? Huo ni msongamano, wa mtaani au wa humo humo ndani kwako. Apu moja tu inasumbua na zingine zote zinaenda? Ruka moja kwa moja mpaka hatua ya 5. Haya yaandike mahali, utayahitaji mwisho ukipiga simu.

HATUA YA 2: Pima, na upime sehemu mbili

Fungua fast.com kwenye simu, hiyo ni ya Netflix wenyewe na inapima kwa kutumia seva zao. Alafu pima na Speedtest ya Ookla, hii inakuonesha na spidi ya kupandisha (upload) na ping, yaani muda ambao ujumbe mdogo unatumia kwenda na kurudi. Ila kabla ya kupima zima data ya simu. Nasisitiza hii kwa sababu simu nyingi zikiona waifai ni dhaifu zinahamia kwenye bando kimya kimya, unapima laini yako ya simu ukidhani unapima intaneti ya nyumbani, unapata 25, unaanza kubishana na fundi. Na VPN kama unayo izime pia.

Pima mara ya kwanza umesimama mita moja au mbili kutoka kwenye rauta. Kama una laptopu yenye tundu la kebo ichomeke moja kwa moja kwenye rauta upime na hiyo, ndo ya kuaminika zaidi. Mara ya pili kapime pale pale TV ilipo, simu uiweke pembeni ya TV kabisa, sio umekaa kwenye kochi upande wa pili wa sebule. Rudia usiku ule muda inaposumbua, maana kipimo cha saa nne asubuhi hakikusaidii kujua ya saa tatu usiku.

Unatakiwa kupata ngapi? Netflix wanapendekeza Mbps (megabiti kwa sekunde) 3 kwa HD ya 720, Mbps 5 kwa 1080 na Mbps 15 kwa 4K. YouTube kwa 4K wao wanasema 20. Hizo ni kwa TV moja, mkiwa na TV mbili na simu nne zinacheza video fupi muda wote jumlisha. Na angalia usichanganye Mbps na MB (megabaiti), biti nane ndo baiti moja, kwa hiyo kifurushi cha Mbps 20 kikiwa vizuri kabisa laptopu itakuonesha inapakua kama MB 2.5 kwa sekunde, hujaibiwa, ndo ile ile 20.

Sasa soma majibu yako. Karibu na rauta spidi nzuri lakini kwenye TV imeporomoka, tatizo ni waifai, nenda hatua ya 3. Kote kubaya, anza na hatua ya 4 kwanza ndo uende ya 6, usikimbilie kulaumu watu wa nje. Kote kuzuri na TV bado inakwama, hatua ya 5.

Na kwa wale ambao picha inaganda ghafla, kupima spidi peke yake hakutoshi, unaweza kupata 30 na mechi bado ikakwama. Hapo tumia ping. Kwenye laptopu ya Windows iliyounganishwa kwa waifai, ukae nayo karibu na TV, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, litafunguka dirisha jeusi, andika ping -t alafu namba ya rauta yako. Namba imeandikwa kwenye stika chini ya rauta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, rauta nyingi za Huawei zinazotumia laini ya simu ni 192.168.8.1. Fungua dirisha la pili uandike ping -t 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google. Yaache madirisha yote mawili yakimbie huku mnaangalia mechi yenu.

Kila mstari unakuja na muda kwa milisekunde. Dirisha la rauta likiwa zima linakaa 2, 3, 2, 5, mara moja moja linaruka 15, hamna neno. Sasa video ikiganda tu geuka uangalie. Ukikuta dirisha la rauta lenyewe limeruka 400, 900, au linasema Request timed out, yaani muda umeisha, shida iko ndani ya nyumba yako, mtoa huduma hana kosa hata kidogo. Ukikuta la rauta limetulia na la 8.8.8.8 ndo limepotea, shida iko kwenye rauta yenyewe au nje, au kuna kifaa humo ndani kimejaza njia ya kutokea, hiyo tutaiona hatua ya 4. Kwangu mimi hiki ndo kipimo bora kuliko vyote humu, ni bure, na kinamaliza ubishi wote wa fundi na mwenye nyumba.

HATUA YA 3: Waifai, na hapa ndo wengi mnakwamia

Anza na rauta imekaa wapi. Mafundi wengi wanaofunga faiba wanaiacha pale waya ulipoingilia, na waya unaingilia dirisha la karibu na nguzo, kwa hiyo unakuta rauta iko kwenye kona ya stoo au chumba cha mwisho, TV iko upande wa pili wa nyumba. Nyumba zetu za huku ni za kuta nzito, tofali za block, mihimili ya zege na nondo, nyingine msingi na ukuta ni wa mawe kabisa, sio zile kuta za mbao unazoziona kwenye video za Marekani mtu anakwambia rauta moja inatosha nyumba nzima. Kila ukuta wa block unapunguza, zege lenye nondo linapunguza zaidi, na chuma kinazuia kabisa au kinarudisha mawimbi yalikotoka.

Kuna nyumba moja Njiro, Arusha, waifai ilikuwa inafika vizuri mpaka kwa mlinzi getini lakini TV ya sebuleni, rauta iko sebule hiyo hiyo, inakwama kila siku. Rauta ilikuwa imefichwa nyuma ya TV, imelazwa chali kwenye kishubaka cha kabati la chuma, juu yake king'amuzi, juu ya king'amuzi kitambaa kizuri cha kudarizi. Mgongo wa TV una bati la chuma ndani, kabati ni chuma, rauta imefungiwa kama iko kwenye sanduku na ina joto huwezi kuishika. Tuliitoa tukaiweka juu ya kabati, imesimama, pembeni ya TV kama hatua mbili, hatukununua kitu. Picha ikatulia siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo itoe mafichoni. Iweke juu, usawa wa kifua au zaidi, katikati ya nyumba kama waya unafika, koridoni ni pazuri sana kuliko kona. Mbali na friji, kioo kikubwa, tanki la maji na maikrowevu. Maikrowevu inafanya kazi kwenye masafa yale yale ya 2.4GHz, kwa hiyo kama video inakwama kila mtu akipasha chakula, hujarogwa, ni hiyo.

Alafu kuna suala la 2.4 na 5. Rauta nyingi za sasa zinatoa waifai mbili, ya 2.4GHz na ya 5GHz. Ya 2.4 inafika mbali na inapenya ukuta vizuri kidogo ila ni ya polepole na imejaa watu. Ya 5 ina spidi na ni safi ila kuta zinaichosha haraka. TV iliyo chumba kimoja na rauta au ukuta mmoja tu, iweke kwenye 5. TV iliyo kuta mbili tatu mbele, iache kwenye 2.4 au uipelekee kebo. Shida ni kwamba rauta nyingi zinazipa zote mbili jina moja, TV inachagua yenyewe na mara nyingi inachagua vibaya, inang'ang'ania 2.4 wakati 5 iko hapo hapo. Ingia kwenye setingi za rauta kwa kuandika ile namba ya stika kwenye brauza, tafuta sehemu ya waifai, zitenganishe majina, ya 5 mpe jina tofauti, uunganishe TV kwenye hiyo. Ila TV nyingi za bei rahisi hazina 5 kabisa, usipoiona kwenye orodha ya TV wakati simu inaiona, jua TV yako ni ya 2.4 tu.

Mliopanga kwenye maghorofa na zile nyumba za wapangaji wengi, Soweto hapa Moshi, au Sakina na Kijenge kule Arusha, ukifungua orodha ya waifai unakuta majina kumi na tano. Wote mnagombania 2.4. Pakua apu ya kuchambua waifai, zipo za bure za Android, itakuonesha nani yuko chaneli gani. Kwenye 2.4 chaneli ambazo haziingiliani ni 1, 6 na 11 tu, kwa hiyo angalia kati ya hizo tatu ipi ina watu wachache au wenye mawimbi dhaifu, uiweke hiyo kwenye rauta badala ya otomatiki, na upana wa chaneli uweke 20MHz. Usiende kukaa chaneli ya 3 au 8 ukidhani umewakwepa, utaingiliana na pande zote mbili.

Lakini ukiniuliza mimi, TV isiyohama mahali pake ipe kebo. Yaani hapa ndo naweka moyo wangu wote. Kebo ya Cat5e inafika mpaka mita 100, inapita juu ya dari ya gypsum au pembeni ya ukuta kwa vile vibanio vidogo vya misumari, haijali ukuta wala jirani wala maikrowevu. TV nyingi tundu lao linaishia Mbps 100 na hiyo inatosha 4K na chenji inabaki. Kabla ya kununua rauta ya laki mbili waulize kwanza wauza vifaa mjini bei ya kebo mita 20 iliyoshafungwa vichwa.

Kama kebo haiwezekani kabisa ndo uje kwenye ripita, kifaa kinachopokea waifai na kuirusha tena, au meshi, yaani vifaa kadhaa vinavyofanya kazi kama waifai moja. Ripita za bei rahisi zenye redio moja zinapokea na kutuma kwa redio hiyo hiyo, spidi inapungua kama nusu, na watu wanakosea wanaiweka pale pale pasipo na mtandao, sasa itarudia nini? Iweke katikati ya njia, sehemu ambayo waifai bado ina nguvu. Meshi ni nzuri zaidi ila ghali, na hata hiyo ukiweza kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe kwa kebo, fanya hivyo.

HATUA YA 4: Nani anakula intaneti ndani

Ingia kwenye setingi za rauta, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Hesabu. Ukikuta simu usizozijua, paswedi yako imeshatembea mtaa mzima, na hii kwenye nyumba za kupanga ni kawaida sana kwa sababu mtoto akimpa rafiki yake imeshaenda. Badilisha, weka usalama wa WPA2 au WPA3, na zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au pini bila paswedi. Wageni wape waifai ya wageni, rauta nyingi zinayo.

Ila wanaoonewa ni watoto na magemu yao wakati mwizi mkubwa ni upandishaji, ambao wengi hawaujui. Vifurushi vingi, hasa vya laini, kupandisha ni kudogo kuliko kupakua. Upande huo ukijaa, hata kupakua kunagoma, kwa sababu TV inabidi itume ujumbe mdogo mdogo wa kuomba kipande kinachofuata na ujumbe huo unakaa foleni nyuma ya mapicha. Hapa Moshi mtaa wa Pasua kuna mama mmoja tamthilia yake ilikuwa inakwama kila siku kuanzia kama saa mbili usiku. Tuliweka yale madirisha mawili ya ping. La rauta limetulia. La 8.8.8.8 lilikuwa linacheza kwenye arobaini, kijana wake akarudi kazini, akachomeka simu kwenye chaji pale ukutani, na namba zikaanza kupanda tukiziangalia, 200, 600, 1100. Simu yake ilikuwa imesetiwa kupandisha picha na video ikiwa kwenye waifai na chaji. Tukaiahirisha mpaka saa sita usiku, yakaisha.

Kwa hiyo usiku unaposumbuliwa pima hivi: zima waifai ya kila kifaa isipokuwa TV na laptopu ya ping. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja mpaka mharibifu ajitokeze. Waangalie hasa simu zinazohifadhi picha mtandaoni, kamera za ulinzi zinazotuma video nje masaa 24, na laptopu zinazojisasisha. Rauta ikiwa na sehemu ya kugawa kipaumbele, mara nyingi imeandikwa QoS, ipe TV kipaumbele na punguza spidi ya kupandisha ya vile vifaa vingine.

Umeme nao. Rauta ikijizima na kujiwasha yenyewe, angalia adapta kabla ya rauta. Adapta iliyopotea ikabadilishwa na yoyote iliyokutwa dukani ni tatizo la kila siku, volti zinafanana ila ampea ni ndogo, rauta inawaka lakini ikianza kazi nzito inazimika. Linganisha kilichoandikwa kwenye stika ya rauta na cha adapta, volti lazima zilingane, ampea za adapta ziwe sawa au zaidi. Na kama mtaani kwenu umeme unapanda na kushuka, zile UPS ndogo za rauta, yaani betri za akiba, zinasaidia sana, mechi haikatiki kwa mtikisiko wa sekunde mbili alafu mkasubiri rauta iwake upya.

HATUA YA 5: TV yenyewe

Hapa napita haraka. TV ukiizima kwa rimoti haijazimika, imelala tu, kwa hiyo ichomoe kwenye soketi, subiri dakika moja, rudisha. Sasisha apu inayosumbua, ikigoma futa kashe yake, ikigoma tena ifute uiweke upya. Angalia nafasi ya TV isiwe imejaa, na tarehe na saa ziwe sahihi, TV yenye tarehe ya mwaka jana apu nyingi zinakataa kuunganisha. Kama TV ni ya zamani na nzito, pima kwa kucheza video ile ile kwenye simu, mtandao ule ule, pembeni ya TV. Simu ikienda bila shida na TV inakwama, mtandao wako ni mzima, kijiboksi au fimbo ya kuchomeka HDMI itakutatulia kwa bei ndogo kuliko TV mpya. Na kwa leo leo, shusha ubora kwa mkono uweke 720, kwenye TV ya inchi 32 ukiwa umekaa kochini tofauti ni ndogo mno.

HATUA YA 6: Nje ya nyumba

Mmefika hapa maana yake ndani mmejiridhisha. Sasa inategemea una huduma ya aina gani.

Wa faiba, angalia taa za kile kiboksi cheupe. Taa ya PON inatakiwa iwe ya kijani na imetulia, ile ya LOS iwe imezima. LOS ikiwa nyekundu mwanga haufiki, kuristati hata mara ishirini hakusaidii, piga simu. Kabla ya hapo fuata ule waya mwembamba kwa macho, ukikuta umekunjwa kama kamba ya kiatu nyuma ya kabati, au mguu wa kochi umeukalia, au mlango unaubana, unyooshe taratibu, faiba haipendi kona kali. Usichomoe kichwa chake ukakipuliza na mdomo, vumbi na mate ndo vinaharibu kabisa.

Wa kidishi kidogo cha juu ya bati kinachoangalia mnara, hiyo inataka ionane na mnara bila kizuizi. Mgrevilea uliokuwa mfupi wakati wa kufunga, baada ya masika mbili tatu umeshapita usawa wa bati, na majani yakilowa mvua yanazuia zaidi. Kama tatizo lako linakuja na mvua au upepo, panda uangalie mti kwanza.

Wa rauta za laini, yaani 4G au 5G, msiamini vile vijiti vya mtandao. Ingia kwenye setingi za rauta utafute RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, na SINR, yaani usafi wa mawimbi hayo. RSRP ikiwa kama -85 ni nzuri, -100 ni ya kubahatisha, ikishuka chini ya -110 video itakusumbua. SINR ikivuka 13 uko vizuri, ikikaribia sifuri au hasi kuna vurugu ya mawimbi hata kama vijiti vimejaa. Chukua rauta utembee nayo ndani ya nyumba, dirisha kwa dirisha, kila sehemu subiri dakika mbili uandike namba, dirisha moja litazishinda zingine zote. Hii ni muhimu sana kwa huku kwetu kwenye miteremko, ukiwa Kibosho, Marangu, au Ngaramtoni chini ya Meru, bonde moja tu linatosha kukuficha na mnara ambao jirani wa ng'ambo anauona wazi, na migomba na mikahawa inakula kilichobaki. Rauta ikiwa na matundu ya antena ya nje, antena ya juu ya bati iliyoelekezwa kwenye mnara inabadilisha kabisa hali.

RSRP nzuri, SINR nzuri, asubuhi Mbps 40 na saa tatu usiku Mbps 2, hapo mnara umezidiwa na watu. Jaribu laini ya mtandao mwingine kwenye simu, muda ule ule, pale pale, kabla ya kununua rauta yao.

Uliza pia kuhusu kikomo. Vifurushi vingi vinavyoitwa bila kikomo vina kiwango, ukikipita spidi inashushwa mpaka mwezi uishe. Netflix kwa HD inafika GB 3 kwa saa, 4K inafika GB 7, TV mbili za HD zikiwaka masaa matano kwa siku ni GB 30 hizo, piga hesabu ya mwezi mwenyewe. Kama kila mwezi wiki mbili za mwanzo ziko safi na za mwisho mbaya, umepata jibu.

Na mara chache tatizo ni kubwa kuliko wote hapa, kama tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na Afrika Mashariki yote ikayumba. Siku kama hiyo ulizia kwa watu wa mitandao tofauti, kama wote wanalia acha rauta yako ipumzike, usiguse setingi.

HATUA YA 7: Kupiga simu ukiwa na ushahidi

Ukipiga ukasema tu mtandao unasumbua, utaambiwa zima uwashe, na huyo dada wa huduma kwa wateja hana cha kufanya zaidi ya hapo kwa sababu hujampa kitu. Mwambie hivi: nimepima kwa kebo moja kwa moja kwenye rauta, siku tatu, saa tatu usiku, napata Mbps 2 wakati kifurushi ni 20, ping ya rauta imetulia na ya 8.8.8.8 inapotea, taa ya PON iko hivi. Mtumie picha za vipimo. Omba namba ya malalamiko na uiandike pamoja na tarehe. Wasiposhughulika, ukiwa na hiyo namba unaweza kupeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ambao wanataka uwe umeanza kwa mtoa huduma wako kwanza.

Usibonyeze kile kitundu cha pini nyuma ya rauta kabla fundi hajaja, kinafuta kila kitu pamoja na jina na paswedi za mtoa huduma, na unaweza kukaa bila intaneti kabisa mpaka wakurudishie. Na fundi akija akisema amemaliza, mwombe asubiri, kaa mbele ya TV upime tena fast.com pale pale na uweke video ya HD dakika kumi, akiwa bado hajakunja ngazi yake.